Kuvusha pakiti kati ya VLAN nyumbani: njia nne, na ipi itakuonyesha pakiti ilipokwama

Kompyuta iko VLAN 10, seva iko VLAN 20, yaani mitandao miwili iliyotengwa ingawa inatumia swichi moja. Kompyuta inapata jibu kutoka kwenye lango lake, 10.10.10.1. Inapata jibu hata kutoka 10.10.20.1, ambalo ni lango la upande wa pili. Lakini ukiiita seva yenyewe, 10.10.20.50, kimya.

Wengi waliojenga maabara ya mtandao nyumbani wamefika hapa, na kinachowakesha ni lile jibu la pili. Wanaamini kwamba kwa kuwa 10.10.20.1 imeitika, basi ruta inavusha, yaani inahamisha pakiti kutoka VLAN moja hadi nyingine. Sivyo. Anwani zote mbili ni za ruta hiyo hiyo. Mashine ya Linux, kwa mfano, huitikia kwa anwani yake yoyote hata kama uvushaji umezimwa kabisa. Kuitikiwa hodi si kupewa njia ya kupita hadi uani.

Nimeanza na mfano huo kwa makusudi. Ukitafuta ushauri wa namna ya kuunganisha VLAN, mara nyingi utaanziwa na kasi. Kwa maabara ya nyumbani mimi naiweka kasi nafasi ya pili. Maabara ni mahali pa kubomoa na kujenga upya, kwa hiyo kitu kitaharibika tu, na kitaharibika mara nyingi. Swali la kwanza kwangu ni hili: siku pakiti itakapopotea, njia niliyochagua itanionyesha ilipopotelea?

Njia zenyewe ni nne. Kuna ruta halisi inayobeba VLAN zote kwa waya mmoja. Kuna swichi ya tabaka la tatu, inayovusha yenyewe bila ruta. Kuna faiwoli pepe, yaani pfSense au OPNsense (programu za faiwoli) ikiwa mashine pepe ndani ya Proxmox au programu nyingine ya kuendesha mashine pepe. Na kuna Linux tupu uliyoigeuza kuwa ruta kwa mkono. Maneno mageni ya jedwali hili yanaelezwa chini ya kila njia.

| Njia | Pakiti unaionea wapi | Kosa linalojirudia | Kasi kati ya VLAN |
|---|---|---|---|
| Ruta kwa waya mmoja | Kwenye ruta, kama inaweza kunasa pakiti | Tagi na PVID kwenye swichi | VLAN zote zinagawana waya |
| Swichi ya tabaka la tatu | Kwa shida, mpaka unakili poti | VLAN isiyo na poti iliyo hai. Njia ya kurudi kutoka kwenye intaneti | Kasi kamili ya poti |
| Faiwoli pepe | Vizuri: logi, jedwali la mazungumzo, unasaji | Kanuni, cheksamu, tagi kwenye daraja | Inategemea CPU |
| Linux tupu | Kila hatua | Uvushaji, sera ya FORWARD, rp_filter | Inategemea CPU |

## Ruta kwa waya mmoja

Swichi inazikusanya VLAN zote kwenye poti moja ya tranki hadi kwenye ruta, na ruta ina kiolesura kidogo kwa kila VLAN. Kinachozitenganisha ni tagi ya 802.1Q: baiti 4 zinazopachikwa ndani ya fremu, ambamo biti 12 ni namba ya VLAN. Biti hizo zinatoa namba 4096, ila 0 na 4095 zimetengwa, kwa hiyo unabaki na 4094.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba una vifaa viwili tofauti, na waya ulioko kati yao ndio mpaka. Ukijua pakiti imefika au haijafika kwenye waya huo, umeshapunguza tatizo nusu. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi kosa halimo kwenye ruta bali kwenye swichi, hasa zile swichi ndogo zinazosimamiwa kwa kivinjari, ambazo uanachama wa VLAN unawekwa ukurasa mmoja na PVID ukurasa mwingine. Uanachama unaamua fremu zitoke kwenye poti zipi, zikiwa na tagi au bila. PVID inaamua fremu iliyoingia bila tagi ihesabiwe kuwa ya VLAN gani. Mtu anaiweka poti 5 kwenye VLAN 20, anasahau kubadili PVID, ambayo inabaki 1. Matokeo yake seva iliyopo poti 5 inasikia kila kinachosemwa VLAN 20, lakini yenyewe ikisema, sauti yake inaenda VLAN 1.

Dalili yake ni ya kipekee na inafaa kuikariri. Nasa ARP, maswali ya kutafuta kifaa chenye anwani fulani kwenye mtandao wa karibu, pande mbili. Kwenye ruta utaona maombi ya ARP yakitoka, moja baada ya jingine, bila jibu. Kwenye seva utaona maombi yale yale yakiingia na seva ikiyajibu kila mara. Inasikia lakini haisikiki. Ukiona hivyo, usiguse ruta wala faiwoli. Nenda kwenye PVID moja kwa moja.

Kuhusu kasi, kuna neno linalorudiwa sana kwamba waya wa 1 Gb/s unakuwa nusu. Si kweli kila wakati. Waya unapeleka na kupokea kwa wakati mmoja, kwa hiyo faili moja kubwa inayotoka VLAN 10 kwenda VLAN 20 inaingia ruta kwa upande wa kupokea na kutoka kwa upande wa kupeleka, na inaweza kukaribia 940 Mb/s ruta ikiwa na nguvu ya kutosha. Msongamano unaanza pale faili mbili zinapopishana kuelekea pande tofauti, au VLAN ya tatu inapotaka nafasi yake.

## Swichi ya tabaka la tatu

Hii ndiyo ya kasi kuliko zote, na ndiyo yenye giza kuliko zote. Chipu za swichi zinavusha pakiti kwa kasi ya poti yenyewe bila kuisumbua CPU. Ukiwa na seva ya kuhifadhi faili kwenye VLAN moja na mashine zinazonakili akiba kila usiku kwenye VLAN nyingine, utaifurahia.

Giza linatokana na jambo hilo hilo. Pakiti ambayo CPU haikuiona, kifaa cha kunasa pakiti kilichomo ndani ya swichi hakiioni pia. Niliwahi kukaa saa nzima nikinasa ndani ya swichi, naona pakiti moja ya mwanzo na kisha hakuna kitu, nikaamini kwamba seva imeacha kutuma. Seva ilikuwa inatuma vizuri kabisa. Pakiti zilikuwa zinapita kwenye chipu. Dawa ni kunakili trafiki ya poti kwenda poti nyingine, uchomeke laptopu hapo, na unase kutoka nje. Swichi nyingi za kusimamiwa zina uwezo huo. Kama yako haina, fikiria mara mbili kabla ya kuipa kazi ya kuvusha.

Mambo mengine mawili ya haraka. Kwanza, kiolesura cha VLAN kwenye swichi nyingi kinabaki chini mpaka kuwe na angalau poti moja ya VLAN hiyo iliyo hai, kwa hiyo ukijaribu VLAN mpya kabla ya kuchomeka chochote, utapata kimya na utadhani umekosea usanidi. Na kwenye swichi za Cisco, uvushaji wenyewe mara nyingi unasubiri amri `ip routing`. Pili, orodha za ruhusa za swichi kwa kawaida hazikumbuki mazungumzo. Ukiruhusu VLAN 10 kwenda 20 lakini ukazuia 20 kwenda 10, majibu nayo yanazuiwa.

Kinachowakwamisha zaidi wanaoichagua njia hii ni intaneti. VLAN zinaonana vizuri, lakini hakuna inayotoka nje. Ruta ya nyumbani inaujua mtandao wake mmoja tu, haijui kwamba 10.10.20.0/24 iko nyuma ya swichi. Inahitaji njia ya kudumu, kwa mfano 10.10.0.0/16 kupitia anwani ya swichi, na inahitaji kukubali kubadilisha anwani za mitandao hiyo inapozitoa nje. Ruta nyingi wanazotoa watoa huduma hazikupi nafasi ya kuandika njia ya kudumu. Kagua hilo kabla ya kununua swichi, si baada.

## Faiwoli pepe

Nadhani hii ndiyo njia inayochaguliwa na wengi leo, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ina tabaka nyingi za kujificha kosa kuliko nyingine zote, huku ikiwa pia na zana nzuri za kulitafuta.

Hesabu pakiti inapita wapi: swichi halisi, kadi ya mtandao ya mwenyeji (mashine halisi inayobeba zile pepe), daraja la ndani (swichi pepe), kadi pepe ya mashine, kisha kiolesura cha VLAN ndani ya faiwoli. Kila hatua inaweza kuivua tagi au kuiongeza. Kwenye Proxmox, daraja kwa kawaida huwekwa alama ya kuzitambua VLAN. Baada ya hapo una mitindo miwili. Ukiacha nafasi ya tagi wazi kwenye kadi pepe, mashine inapokea tranki nzima na VLAN zinatengenezwa ndani ya faiwoli. Ukiandika 20 kwenye nafasi hiyo, mwenyeji anavua tagi mwenyewe na faiwoli inapokea fremu za VLAN 20 zikiwa tupu. Kwenye ESXi, programu nyingine ya mashine pepe, namba 4095 kwenye kundi la poti ndiyo inayomaanisha "pitisha zote na tagi zake".

Kosa la kawaida ni kufanya yote mawili: tagi 20 kwa mwenyeji, na VLAN 20 tena ndani ya faiwoli. Faiwoli inasubiri tagi ambayo mwenyeji ameshaivua, na mawasiliano yanakatika. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kadi pepe moja kwa kila VLAN, tagi ziwekwe upande wa mwenyeji tu. Ndani ya faiwoli hakutakuwa na neno VLAN kabisa, na unakuwa umefunga mlango mmoja wa makosa. Tranki ina nafuu pale VLAN zinapozidi tano au sita, au unapotaka kuongeza VLAN bila kugusa mashine.

Kisha kuna kanuni. pfSense inakupa kanuni ya kuruhusu kila kitu kwenye LAN ya kwanza peke yake. Kiolesura kingine chochote utakachoongeza kinaanza bila kanuni, na bila kanuni maana yake ni kuzuia. Kwa hiyo VLAN 20 mpya inapata hata anwani ya DHCP, kwa sababu huduma hiyo inafunguliwa kivyake, lakini haipiti kwenda popote. Na ukiandika kanuni, iandike kwenye kiolesura ambacho pakiti inaingilia. Kutaka VLAN 20 ianzishe mazungumzo na VLAN 10 kunahitaji kanuni kwenye VLAN 20; majibu hayahitaji kanuni kwa kuwa faiwoli inakumbuka mazungumzo. Angalia pia kwamba kanuni mpya ya pfSense inakuja ikiwa imechaguliwa TCP. Ukiiacha hivyo, SSH itapita na `ping` itashindwa, nawe utaanza kutafuta tatizo la njia ambalo halipo.

Kinyume chake pia hutokea: `ping` inapita, lakini ukurasa haufunguki na SSH inaganda. Kama faiwoli ni pfSense au OPNsense yenye kadi pepe za VirtIO, mshuku wa kwanza ni cheksamu, namba ya kuthibitisha kwamba pakiti haijaharibika njiani. Kadi halisi ingeikokotoa, lakini kadi pepe inaahirisha hesabu hiyo, na pakiti inavushwa ikiwa na cheksamu isiyokamilika, kisha inatupwa na anayeipokea. Zima ukokotoaji wa cheksamu kwenye kadi katika mipangilio ya juu ya mtandao, halafu washa upya faiwoli.

Na kama faiwoli ya maabara inakaa nyuma ya ruta ya nyumbani, kiolesura chake cha nje kina anwani ya faragha, tuseme 192.168.1.2. Kuna kisanduku kinachozuia mitandao ya faragha ya RFC 1918 upande wa nje, na kwa kawaida kimewekwa alama. Kwenye intaneti ya wazi kinafaa. Hapa kinaizuia kompyuta yako mwenyewe iliyoko 192.168.1.0/24 isiingie maabara, hata ukiandika kanuni za kuruhusu.

Baada ya kuorodhesha mitego hiyo yote, bado naiheshimu njia hii kwa sababu moja: logi. Unaandika anwani ya seva kwenye kichujio, unajaribu tena, na faiwoli inakuambia papo hapo kwamba pakiti ilifika saa ngapi, kwa kiolesura gani, na kanuni ipi iliizuia. Ikiwa logi iko tupu kabisa, nalo ni jibu, mradi kanuni zako za kuruhusu zinaandika logi pia: pakiti haikufika, rudi kwenye tagi.

Ila jihadhari na duara. Wakati mmoja nilimzima mwenyeji ili niongeze kumbukumbu, akawaka tena, mashine ya faiwoli haikuanza. Ukurasa wa kumsimamia mwenyeji ulikuwa VLAN 10, mimi nilikuwa VLAN 30, na kilichokuwa kinatuunganisha ni faiwoli ile ile iliyolala ndani yake. Ilibidi nibebe skrini na kibodi hadi kwenye seva.

## Linux tupu

Amri zenyewe ni chache:

```
ip link add link eth0 name eth0.10 type vlan id 10
ip link add link eth0 name eth0.20 type vlan id 20
ip addr add 10.10.10.1/24 dev eth0.10
ip addr add 10.10.20.1/24 dev eth0.20
ip link set eth0 up
ip link set eth0.10 up
ip link set eth0.20 up
sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
```

Hiyo ni ruta kamili. Hakuna kurasa za kubofya, hakuna logi ya rangi, na ukitaka kuzuia kitu utaandika kanuni za nftables mwenyewe. Pia amri hizi zote zinapotea mashine ikizimwa: `ip_forward` isipoandikwa chini ya `/etc/sysctl.d/`, na VLAN zisipoandikwa kwenye usanidi wa mtandao, asubuhi yake utaanza upya.

Sababu ya kuipenda ni kwamba hakuna kinachofichwa. Fungua madirisha mawili ya tcpdump, programu ya kunasa pakiti: `tcpdump -eni eth0.10 icmp` kwenye moja na `tcpdump -eni eth0.20 icmp` kwenye jingine, kisha ita seva kutoka kwenye kompyuta. Kwa pakiti inayoingia, tcpdump inaiona kabla ya kanuni. Kwa inayotoka, inaiona baada ya kanuni. Ndiyo maana madirisha hayo mawili yanatosha. Hakuna kitu kwenye eth0.10: pakiti haikufika, tazama swichi, tagi au lango la kompyuta. Imeonekana eth0.10 lakini haikutokea eth0.20: imefia ndani ya ruta yako, au ruta haipati jibu la ARP kutoka kwa seva, na `ip neigh` itakuambia kwa neno FAILED. Imetoka eth0.20 lakini hakuna jibu: seva ina faiwoli yake, au haijui njia ya kurudi. Jibu limeingia eth0.20 lakini halikutoka eth0.10: imefia ndani tena, safari hii ikirudi.

Ikifia ndani, wahusika ni watatu. Wa kwanza ni `ip_forward` yenyewe, ambayo kwenye Linux inaanza ikiwa 0. Wa pili ni sera ya FORWARD, yaani uamuzi wa msingi wa faiwoli ya Linux kwa pakiti zinazovuka. Ukiwa umeweka Docker, programu ya kuendesha makontena, kwenye mashine hiyo, fahamu kwamba tangu toleo 1.13 la mwaka 2017 Docker inapowasha uvushaji, inaigeuza sera ya FORWARD kuwa DROP. Makontena yanaendelea vizuri, VLAN zako zinakufa. Tazama vihesabio kwa `iptables -L FORWARD -v -n`. Cha DROP kinachoongezeka kila unapojaribu ndicho kinachokula pakiti. Ruhusa zako ziweke kwenye mnyororo wa DOCKER-USER, au bora zaidi, usichanganye ruta na makontena kwenye mashine moja.

Wa tatu ni `rp_filter`, naye ni msumbufu kwa sababu haandiki chochote mpaka umwambie. Anakagua kama jibu la pakiti iliyoingia lingetokea kiolesura kile kile. Kama sivyo, na akiwa kwenye hali kali ya 1, anaitupa. Thamani inayofanya kazi ni kubwa kati ya ile ya `all` na ile ya kiolesura, kwa hiyo kuweka 0 kwenye eth0.20 huku `all` ikiwa 1 hakubadilishi kitu. Muulize kerneli moja kwa moja:

```
ip route get 10.10.20.50 from 10.10.10.25 iif eth0.10
```

Akikujibu "Invalid cross-device link", umemkamata.

Kwa kujifunza tu, Linux ina jambo jingine ambalo njia nyingine hazina: unaweza kujenga kompyuta, ruta na seva zote ndani ya mashine moja kwa `ip netns`, bila swichi wala mashine pepe, ukavunja na kujenga tena kwa sekunde chache. Kosa ukilielewa huko, utalitambua ukilikuta kwenye vifaa halisi.

## Kosa lisilochagua njia

Kuna hali moja inayozipiga njia zote nne sawasawa. Ruta ya nyumbani ni 192.168.1.1. Ruta ya maabara ina mguu kwenye mtandao huo huo, 192.168.1.2. Kompyuta yako, 192.168.1.30, inaijua ya kwanza tu kama lango lake. Umeandika kwenye ruta ya nyumbani njia ya kwenda 10.10.0.0/16 kupitia 192.168.1.2, na `ping` inapita. Unafungua SSH, inaonekana kuunganika, kisha inaganda.

Fuata pakiti. Ya kwanza ya TCP inakwenda kompyuta, ruta ya nyumbani, ruta ya maabara, seva. Jibu linatoka seva hadi ruta ya maabara, na yenyewe inaona kwamba 192.168.1.30 ni jirani yake, kwa hiyo inampelekea moja kwa moja. Ruta ya nyumbani haikuliona jibu hilo. Kompyuta inapotuma pakiti ya tatu, ruta ya nyumbani inaiona kama maneno ya mazungumzo ambayo haikuyasikia yakikubaliwa, na ikiwa ina faiwoli inayokumbuka, inaitupa. `ping` inaokoka kwa sababu kila ombi linaweza kupita lenyewe. Wakati mwingine ruta ya nyumbani inaielekeza kompyuta kwa ujumbe wa ICMP itumie 192.168.1.2, kila kitu kinakuwa sawa kwa muda, kisha kinakufa tena. Hapo ndipo watu wanapoanza kubadilisha nyaya.

Wengine wanatibu kwa kuandika njia kwenye kila kompyuta, au kwa kuifanya ruta ya maabara ibadilishe anwani. Zote zinafanya kazi. Ila tiba safi ni kuupa muunganiko wa ruta hizo mbili VLAN yake yenyewe, /30 (mtandao wa vifaa viwili tu) inatosha, na usiweke kompyuta yoyote humo. Trafiki ikitakiwa kwenda na kurudi kupitia ruta zote mbili, haina njia ya mkato ya kupitia.

Mengine ni madogo lakini yanaiba muda. Maski ya /16 mahali pa /24 inaifanya kompyuta idhani VLAN ya pili ni jirani, hivyo inatafuta kwa ARP badala ya kupitia lango. Windows kwa mipangilio yake ya kawaida haijibu `ping` kutoka nje ya mtandao wake wa karibu, kwa hiyo jaribu na huduma halisi kabla ya kulaumu njia. Printa au spika kutoonekana kutoka VLAN nyingine si tatizo la uvushaji: matangazo ya mDNS yanayokwenda 224.0.0.251 hayavuki ruta, yanahitaji mpatanishi kama Avahi. Na soma TTL, hesabu inayopunguzwa moja na kila ruta, kwenye jibu la `ping`. Linux inaanza na 64, kwa hiyo jibu lenye 63 limevuka ruta moja. Ukiona 64 kamili kutoka kwenye seva inayodaiwa kuwa VLAN nyingine, halijavuka ruta yoyote, na VLAN zako hazijatengana kama unavyofikiri.

## Uchague ipi

Kama lengo ni kuelewa, anza na Linux tupu, hata kama baadaye utahamia kwingine. Wiki mbili za madirisha yale mawili ya tcpdump zitakufundisha zaidi ya miezi ya kubofya.

Kama maabara imeshakuwa na huduma ambazo familia inazitegemea, na una mwenyeji mmoja mwenye nguvu, chukua faiwoli pepe kwa ajili ya logi zake. Kama unaweza kuipa kompyuta ndogo yake yenyewe badala ya kuiweka pepe, afadhali zaidi: zana ni zile zile, tabaka za daraja na kadi pepe zinaondoka, na duara la mwenyeji linavunjika.

Ruta kwa waya mmoja inamfaa aliye nayo tayari na swichi ya kusimamiwa, hasa kama ruta hiyo inaweza kunasa pakiti. Kama haiwezi, mimi ningeitoa kwenye kazi hii. Swichi ya tabaka la tatu ije mwisho, pale utakapopima na kuona CPU ya ruta ndiyo inayozuia faili zako, na hata hapo ivushe VLAN zinazoaminiana tu, kama za seva na akiba. VLAN ya wageni na ya vifaa vya nyumbani ibaki nyuma ya faiwoli inayokumbuka mazungumzo na kuandika logi.

Yoyote utakayochagua, kabla hujahamisha kifaa cha kwanza, tenga poti moja ya swichi iwe kwenye VLAN ya usimamizi bila tagi, andika kwenye karatasi anwani ya kudumu utakayoipa laptopu ukichomeka hapo, na ubandike karatasi hiyo kwenye swichi. Kisha zima ruta kwa makusudi, uchomeke, uone kama unafika kwa mwenyeji na kwenye swichi. Ukifika, endelea na VLAN nyingine.